Chumvi Inayowasha Taa

"Jumatatu kijiko kimoja, jana kijiko kimoja, leo umekuja na kikombe kabisa! Mama Pacha, hiyo chumvi unaila au unaiogea?"

"Kama hutaki kutoa, sema hutaki, nirudi zangu."

"Nani kasema sitaki? Mimi nauliza inakwenda wapi, basi. Jiko lako halijawashwa tangu asubuhi. Paka wa mwenye nyumba amelala juu yake, tena kakunja mkia!"

"Jirani, chumvi ni chumvi. Nitakurudishia."

"Utarudisha. Na lile pazia la mlango wa mwisho, nalo linashushwa kwa ajili ya chumvi?"

Ua ule ulikuwa na milango minane, bomba moja, na mwanamke mmoja ambaye sauti yake ilifika milango yote bila kupanda juu ya kiti. Walimwita Mama Redio. Aliposema neno "pazia", mtu wa mlango wa tatu aliacha kusugua sufuria na yule wa mlango wa tano akakumbuka ghafla kwamba nguo zake kwenye kamba zinahitaji kugeuzwa.

Mama Pacha hakujibu. Hilo ndilo lililomponza, kwa sababu nyuma yake, kwenye uchochoro wa kuingilia, mkokoteni ulikuwa umesimama na mumewe alikuwa ameshika mipini yake bila kusukuma.

"Shemeji!" Mama Redio akasema, sauti imekuwa asali. "Karibu. Tulikuwa na mambo yetu ya jikoni."

Mume wa Mama Pacha aliitwa Sumaku. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahauliwa hata na mwenye nyumba. Alinunua vyuma chakavu mlango kwa mlango, na shingoni alining'iniza kipande cha sumaku kwa kamba ya kiatu. Lakini sumaku ile ilikuwa ya kuonyesha watu tu, kwani yeye mwenyewe hakuihitaji. Mletee sufuria, ataigonga kwa kucha, atasikiliza, atakwambia ni alumini na imechanganywa na nini. Mletee bomba lililopakwa rangi, atalikwaruza kwa tupa mara moja na kusema shaba. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kumuuzia kitu kwa jina lisilo lake.

Alisukuma mkokoteni hadi mlangoni kwake na hakumuuliza mkewe neno lolote.

Jioni ile alisogeza sahani pembeni.

"Nimekula njiani."

Hakuwa amekula. Pacha, wasichana wa miaka minane, waligawana chakula chake wakiangaliana, na Mama Pacha akakusanya vyombo taratibu, kwa adabu nyingi mno. Adabu ile ilimchoma Sumaku kuliko matusi.

*

Mwalimu alikuwa amehamia mlango wa mwisho miezi minne iliyopita. Alikuwa mjane, mwembamba, na alifundisha kemia katika shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuu. Alikuwa na mashati meupe matatu aliyoyafua mwenyewe na kuyaanika kwa vibanio, mabega yamenyooka. Akizungumza na mwanamke yeyote alimwita "mama" na kuinamisha kichwa kidogo. Sumaku hakuwahi kuona ubaya wowote wa mashati yale. Alhamisi asubuhi, akinawa bombani, aliyatazama yakipepea, kisha akatazama viganja vyake, ambavyo kutu ilikuwa imeingia kwenye mistari na kukataa kutoka hata kwa mafuta ya taa. Akanawa tena.

Alhamisi hiyo hiyo alipanga mali yake sokoni na kugundua kwamba koili ya shaba imepungua. Kipande cha urefu wa mkono kilikuwa kimekatwa. Waya ule aliumenya yeye mwenyewe, na koleo lake lilikuwa na jino bovu lililoacha alama kama ya mdomo wa panya kila lilipobana. Hakuna mtu aliyefika kwenye mali yake isipokuwa watu wa nyumbani kwake.

Ijumaa akavunja mwiko wake wa miaka yote: akaenda mwenyewe kwa Mama Redio.

"Shemeji, mimi sisemi kitu," Mama Redio akasema, akimvutia kiti kabla hajaombwa. "Mimi nina macho tu. Macho nayo hayana mlango."

"Mara ngapi?"

"Jumatano na Jumamosi. Saa kumi, akitoka zahanati. Anaingia na kifurushi chini ya khanga. Mlango wanauacha wazi, nisiwe mwongo. Ila pazia chini, la mlango na la dirisha."

"Kwa muda gani?"

"Maharage yangu yanaiva." Akafikiri. "Yale magumu. Tena wanacheka."

"Wanacheka?"

"Mkeo ndiye anayecheka. Yule mwanamume simsikii."

Mama Redio naye alikuwa na lake. Mara mbili alimtuma binti yake mkubwa kwa Mwalimu na birika la chai, nywele zimesukwa upya, na mara zote mbili birika lilirudi na shukrani, bila kitu kingine. Mtu aliyekataa chai ya binti yake na kukubali chumvi yake kupitia mikono ya mke wa mtu! Usingizi ulikuwa umempungua.

Sumaku akarudi nyumbani. Pazia angeweza kulimeza, na hata shaba. Lakini kicheko? Mkewe alifagia zahanati siku sita kwa wiki, akadeki korido, akamwaga ndoo za wagonjwa, na akifika nyumbani alikuwa na uso wa mtu anayehesabu vitu vilivyobaki kufanywa. Alijaribu kukumbuka ni lini alimchekesha mara ya mwisho. Akakosa. Usiku huo pia alisema amekula njiani.

*

Jumamosi saa kumi kasoro aliegesha mkokoteni nje ya uchochoro ili magurudumu yasipige kelele. Akasubiri. Mkewe akatoka, amebana kifurushi kwapani, akapita bombani, akapiga hodi mlango wa mwisho. Pazia likashuka. Mama Redio alikuwa akifagia mita moja ya uwanja ambayo alikuwa ameshaifagia mara tatu. Alimpa Sumaku ishara ya kidevu: dirisha la nyuma.

Dirisha la nyuma lilikuwa juu kidogo. Sumaku alipanda kwenye debe lililopinduliwa, na pazia lilikuwa na tundu la kutosha jicho moja.

Alichokiona kwanza ni bakuli lake. Bakuli lake mwenyewe la uji, lenye ufa. Lilikuwa juu ya meza ya mwanamume mwingine, limejaa maji. Kando yake betri nne zilizofungwa kwa raba, na kutoka kwenye betri zile zilitoka nyaya mbili. Hata kwa jicho moja aliiona ile alama ya mdomo wa panya.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye ndoo upande huu wa meza. Mwalimu alikuwa upande ule, daftari magotini, mbali kama karani. Mama Pacha akamimina chumvi bakulini, akakoroga, akatumbukiza ncha za nyaya. Katikati ya giza la pazia, kitaa kidogo cha tochi kikawaka. Kilikuwa hafifu, na mwanga wa jua ungekifuta kabisa. Kikamwangaza kidevu na mashavu, na Mama Pacha akacheka, kicheko kidogo cha peke yake.

Sumaku aliona ule uso. Aliwahi kuuona mara moja, siku pacha walipozaliwa. Na sasa kaja kuutoa huku.

"Vizuri, mama," Mwalimu akasema. "Sema sababu. Mtihani utataka sababu."

"Chumvi ni kampaundi ya ayoni. Ikiwa kavu haipitishi umeme, tumeona. Ikiyeyuka kwenye maji, ayoni zake zinaachana, zinatembea, zinabeba umeme. Sukari nayo ni nyeupe na inayeyuka, lakini haina ayoni, taa haiwaki."

"Kitu cha mwisho. Hiki cheusi."

Mwalimu akasogeza kijiti cheusi, kinene kama kidole. Sumaku alikitambua kabla hakijagusa meza. Ni kile kijiti cha katikati, uti wa betri kuukuu. Kwa siku alitupa vijiti kama vile kumi na tano, maana alichotaka yeye ni lile ganda la zinki.

Mama Pacha akagusisha waya huku na huku. Kitaa kikawaka sana, kuliko mara zote.

"Metali," akasema.

"Una hakika?"

"Kikavu, na umeme umepita. Tena kinang'aa kidogo. Metali."

Mwalimu akaacha kalamu hewani, akimpa nafasi ya kufikiri. Sekunde moja ikapita, ikafuata ya pili. Sumaku, aliyekuja kufumania, aliyelala na njaa siku tatu, aliyeapa kwamba akifungua mdomo pale dirishani litakuwa neno moja tu na neno hilo litavunja nyumba, alihisi sikio lake likiwasha kama limeumwa na nyigu.

"Si chuma hicho!" akafoka kupitia pazia. "Nani kakwambia ni chuma? Kipige nyundo uone!"

Fagio la Mama Redio likaanguka.

*

"Karibu ndani, baba," Mwalimu akasema, kwa sauti iliyotetemeka.

Sumaku akaingia na vumbi la ukuta kifuani. Nyuma yake, mlangoni, vichwa vikapangana kama vikombe kabatini.

"Baba Pacha," mkewe akasema, "ulikuwa unanivizia?"

"Hiyo shaba ni yangu!"

"Ni yako."

"Na bakuli."

"Na bakuli pia."

"Na mke ni wangu! Mwalimu, mimi ndiye ninayejua chuma mtaa huu. Muulize yeyote. Mke wangu anakuja kufundishwa chuma hapa, kwako, gizani?"

Mwalimu alikuwa ameshapandisha pazia lote, hata la dirisha. "Giza ni kwa sababu ya kitaa, baba. Maji ya chumvi yanakiwasha kidogo sana. Mchana hakionekani. Mtihani wa vitendo ni Jumatatu, na mama amebakiwa na hilo tu."

"Mtihani gani?"

Hapo Mama Pacha akasimama. Watu wote wale mlangoni, lakini alimtazama yeye peke yake. "Wa kidato cha nne. Zahanati wanachukua msaidizi wa maabara, wanasomesha wenyewe. Mganga amesema nikifaulu kemia ananiandika. Nisipofaulu, nitadeki hadi nizeeke."

Sumaku akasogea mezani. Akaona bakuli. Akavua sumaku shingoni, akaitumbukiza kwenye maji ya chumvi, akaitoa. Ilikuwa inadondosha maji tu.

"Hakuna umeme humu. Hakuna chuma, umeme unapita wapi?"

Mtu mlangoni akacheka. Halafu mwingine. Hata binti wa Mama Redio, yule wa birika, alicheka kwa pua. Sumaku akasikia joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Akazing'oa nyaya zake kwenye betri, akazikunja kwenye ngumi, akakata katikati ya watu na kuondoka. Kitaa kikabaki mezani, hakina kitu cha kukiwasha.

*

Alipoingia chumbani kwao mkewe alikuwa nyuma yake. Pacha wakatolewa nje kwa jicho.

"Zirudishe," Mama Pacha akasema. "Nimebakiwa na kesho tu."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekwambia nini?"

"Kwamba unasoma! Kwamba unataka kujua chuma! Miaka kumi unalala na mimi, ukataka kujua chuma ukaenda mlango wa nane?"

Mama Pacha akakaa kitandani. Hakulia, na sauti yake ilikuwa ndogo, ile ya kusemea wagonjwa.

"Mwaka juzi nilipofeli, ulifanya nini?"

Sumaku akazigeuza nyaya kwenye ngumi.

"Uliwaambia pale bombani. Ulisema, 'Mke wangu kaenda kutafuta cheti karudi na ziro, tena ziro yenyewe si hata ya kuuza kwa kilo.' Walicheka wiki nzima. Mama Redio hadi leo akinipa kitu ananiambia nihesabu vizuri."

"Ulikuwa utani."

"Kule nikikosea, Mwalimu hacheki. Ananiuliza, 'Una hakika?' Basi. Hicho tu ndicho kilichonipeleka kule, Baba Pacha. Shati jeupe hata mimi najua kufua."

Angemwambia amempenda yule mwanamume, Sumaku angejua la kufanya: angepiga kelele, angeita wakubwa, angelala kwa ndugu yake. Lakini hili alilishika mkononi akaligeuza, akaligonga, akasikiliza, na halikuwa na sehemu iliyokuwa ya uongo.

Akaweka nyaya mezani, akatoka. Usiku ule hakusema amekula njiani.

*

Jumapili Mama Pacha aliamka akakuta meza imejaa.

Kulikuwa na kipande cha ubao, na juu ya ubao betri zimepangwa kwenye kibati kilichokunjwa vizuri, nyaya zimelehemiwa kwa risasi badala ya kufungwa kwa raba, na kitaa kimezungushiwa mfuniko wa chupa ili kionekane hata jua likiwaka. Pembeni, kwenye gunia, vitu kama ishirini: msumari, kijiko, kipande cha kioo, kifuniko cha plastiki, uzito wa kuvulia samaki, ncha ya penseli, kipande cha alumini, jiwe la kiberiti, makaa, na kile kijiti cheusi.

"Kaa," Sumaku akasema. "Hiki nini?"

"Alumini."

"Umejuaje?"

"Nyepesi, inang'aa, taa imewaka, na ukiipiga inatandazika."

"Hiki?"

"Risasi."

"Hiki?"

Kioo. Plastiki. Hapakuwaka kitu. Akakosea makaa; aliyaita kampaundi. Pacha waliokuwa wamekaa sakafuni walimtazama baba yao wakisubiri mzaha. Sumaku alivua kofia yake, akauma ukingo wake kwa meno, akakaa hivyo hadi kicheko kilichompanda kilipopita.

"Una hakika?" akauliza, kofia mdomoni.

Mkewe alimtazama muda mrefu.

"Sina," akasema. "Ngoja nirudie."

Walipofika kwenye kijiti, kitaa kiliwaka kama jana. Sumaku akampa nyundo. Mama Pacha akapiga mara moja. Kijiti kikapasuka vipande, na vidole vyake vikawa vyeusi.

"Chuma ukikipiga kinakuvumilia," Sumaku akasema. "Kinapinda, kinapanuka, hakikuachii masizi. Hicho kinapitisha umeme, lakini mnunuzi hakipokei hata bure. Nimekitupa maisha yangu yote."

"Kaboni," Mama Pacha akasema. "Si metali, ila umeme kinapitisha. Ndicho pekee kinachonichanganya."

"Usikiamini kwa taa peke yake." Akasita. Lililofuata lilimtoka kama mfupa. "Na ile chumvi... nionyeshe tena. Taratibu."

*

Jumatatu saa tisa Mama Pacha alirudi na viatu mkononi. Akasimama mlangoni mwake, kwa sababu jiko lilikuwa limewashwa na aliyelichochea alikuwa mumewe, amefunga khanga kiunoni juu ya suruali, akikoroga sufuria la maharage kana kwamba linamdai ugomvi. Ua mzima ulikuwa umeshapata habari za ile khanga.

"Ilikuwaje?" akauliza bila kugeuka.

"Makopo manne. Herufi tu, hakuna majina. La kwanza zinki. La pili nyeupe, kavu kimya, kwenye maji taa ikawaka. Nikaandika kampaundi ya ayoni. La tatu unga wa manjano, salfa. La nne..." akanyamaza kusudi.

Mwiko ukasimama.

"La nne lilikuwa jeusi."

"Taa?"

"Ikawaka."

"Halafu?"

"Nikaomba nyundo. Msimamizi akanitazama kama nimeomba panga. 'Mama, hapa si gereji.' Nikachukua mchi wa kile kinu chao kidogo, nikakigonga mara moja. Kikawa unga. Nikamwonyesha vidole." Akamwonyesha na yeye. Vilikuwa bado vyeusi. "Wenzangu saba wameandika metali."

Sumaku akainamia moshi wa jiko na kupangusa macho, na moshi wenyewe haukuwa mwingi. Akaonja maharage. Akakunja uso. Akafungua kopo la chumvi: lilikuwa tupu, limekombwa hadi pembeni.

Alichukua kikombe akavuka uwanja, na khanga yake.

"Na wewe tena!" Mama Redio akasema.

"Kijiko kimoja, shemeji."

"Ya kupikia au ya kuwashia taa?"

"Leo ya kupikia. Kesho njoo na binti nikuonyeshe ya taa. Tena leta na maji."

Mama Redio akampa vijiko viwili na, kwa mara ya kwanza tangu ua ule ujengwe, hakuwa na la kuongeza.

Sumaku aliporudi hakwenda moja kwa moja jikoni. Alisimama mbele ya mlango wa mwisho. Pazia lilikuwa limefungwa fundo juu tangu Jumamosi, na ndani Mwalimu alikuwa akipiga pasi shati. Alipomwona akarudi hatua moja, pasi mkononi.

"Mwalimu."

"Baba."

"Huyo mwanamke wangu kakigonga." Alitaka kusema zaidi, lakini macho yake yalikwenda kwenye shati, lile bega lilivyonyooka, na kile kijiba cha wivu kikamgusa tena ubavuni, kidogo. Akakiacha kipite. "Nimepika. Zima hiyo pasi, njoo ule."

"Mimi?"

"Kuna mwalimu mwingine hapa?"

Mwalimu akavaa shati likiwa na joto la pasi na kumfuata. Ndani, pacha walikuwa wameshatandika mkeka na Mama Pacha alikuwa akigawa sahani. Mwalimu alisimama kizingitini, hajui mguu uende wapi. Sumaku akatia chumvi, akakoroga, akaonja, kisha akapiga kiganja mara mbili kwenye mkeka, upande wake wa kulia, mbali kabisa na mkewe.

"Karibu, ingia. Wewe unakaa hapa, na mimi."